Jenereta Amjibu Jenereta

Wiki iliyopita tulikatisha sindano ikiwa hewani. Sasa imetua.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yako hivi. Ni Jumapili alasiri, ukumbi wa mabati nyuma ya soko, saundi mbili, kila moja kundi la muziki na spika zake, zinapambana kwa santuri. Kushoto ni Radi Saundi na mwenyewe Mzee Radi, mtu mnene mwenye kofia asiyoivua hata akiwa na homa. Kulia ni Tetemeko Saundi, ukuta wa spika alizozichonga marehemu Fundi Boksi kwa mikono yake. Mbele ya ukuta huo amesimama mjane wake. Mnamjua kwa jina la jukwaani, Jenereta, kwa ile sauti yake ya kukoroma ambayo huwaka kwa shida lakini ikishawaka haizimiki.

Leo haijawaka.

Na anachopigania ni hiki: akishinda, vyombo vya mumewe vinabaki kwake na kazi ya muziki inaendelea. Akishindwa, kesho asubuhi shemeji yake anaviuza. Shemeji huyo ni mdogo wake Boksi, fundi umeme, na leo ndiye selekta wa Tetemeko, mwekaji wa santuri, kwa sababu hakuna mwingine anayezijua nyaya zile.

Sindano ikakwaruza, na sauti iliyotoka kwenye spika za Radi ilikuwa ya Jenereta mwenyewe. Jenereta wa ujana, sauti kama bati linalokatwa.

*Boksi, pima mbao, hili sanduku lako,*
*Leo unalala ndani, kazi ya mkono wako,*
*Radi ikishapiga, nani atabeba vyako?*
*Tetemeko kimya, tumefunga na duka lako.*

Vijana wakapagawa. Katika ukumbi ule mtu akifurahishwa hapigi makofi, anapiga ukuta. Viganja vikatwanga mabati mpaka vumbi likashuka darini. "Rudisha. Rudisha."

Mzee Radi akafanya ambalo kila selekta hufanya. Akainua sindano, akairudisha mwanzo.

Msimhukumu haraka. Kwenye mchezo huu kuzika ni neno la kila siku. Saundi inazikwa Jumapili hii, Jumapili ijayo imekuja na fulana mpya. Mtu akizoea kuua watu kwa santuri, husahau kwamba kuna kufa kwingine. Mabati yakishalia, mkono wa selekta hauulizi kichwa.

Ila mara ya pili watu wazima waliokaa nyuma hawakupiga ukuta. Mama mmoja alimgusa mwenzake kiwiko. Mwenzake akashika mdomo. Habari ikasogea mbele, mtu kwa mtu, kama ndoo kwenye foleni ya kuzima moto, na mabati yakanyamaza kipande kwa kipande. Ubeti ulipofika kwenye duka kufungwa, ukumbi ulikuwa umetulia na Jenereta wa zamani anapiga kelele peke yake.

Mzee Radi akakumbuka kwamba Boksi yuko kaburini kweli. Akavua kofia.

Na mjane? Alikuwa anaangalia utepe mweusi uliozungushwa kwenye maiki. Ncha yake imebanduka. Akaibonyeza kwa dole gumba, ikabanduka tena, akaibonyeza. Alikuwa anawaza kwamba sare za watoto ziko nje kwenye kamba na hajui kama zimekauka.

"Shemeji," yule fundi umeme akamwinamia sikioni. "Umesikia walichofanya?"

"Nimesikia."

"Tuondoke. Hakuna atakayetulaumu."

"Tukiondoka tumeshindwa."

"Kwa heshima."

"Na vyombo utaviuza kwa heshima?"

Shemeji akarudi kwenye kreti la santuri.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, halafu tunaendelea. Santuri ile inaitwa spesho. Mwenye saundi humwita mwimbaji, humfungia kwenye chumba chenye magodoro ukutani, na kumtaka amtukane mpinzani kwa jina. Jenereta alipoitwa na Radi hakuwa mtu anayejulikana. Alikuwa binti aliyetoka tu chuoni na cheti cha mapokezi ya hoteli, na huyo Boksi aliyemzika hakuwa hata amemwona. Aliambiwa ni seremala anayetengeneza spika, akatunga ya seremala.

Boksi aliisikia siku ya pambano. Badala ya kukasirika, akaanza kuulizia mwenye sauti. Alimkuta kwenye foleni ya maji, dumu mkononi.

"Wewe ndiye uliyenizika?"

"Ndiye mimi. Unasemaje?"

"Umenizika vizuri. Sasa nani atanifufua?"

"Nenda hospitali."

"Nimeshatoka. Wamesema dawa unayo wewe."

Wakaoana. Na siku ya harusi Mzee Radi alisimama mbele ya watu, akaitoa ile spesho, akaivunja kwa goti. Watu wakashangilia. Akasema haitasikika tena duniani.

Sasa imesikika. Iliyovunjika imelia. Jenereta aliliona jambo hilo kama mtu anavyoliona gari likipita, akaliacha lipite. Kwanza lilikuwepo la kujibu.

Sheria ya pambano haina huruma: ukipigwa, unajibu hapo hapo. Shemeji alikuwa anapekua kreti la santuri, uso umelowa jasho.

"Hakuna. Hakuna ya kujibu hii. Nani angetunga jibu la kitu kilichovunjwa?"

Jenereta akashuka jukwaani kwake, akavuka ukumbi katikati. Watu wakampisha. Akapanda jukwaa la adui.

"Mzee. Igeuze."

"Mwanangu, nisamehe. Mimi nilichukua tu, sikufikiri..."

"Upande wa pili una mdundo mtupu. Igeuze unipigie."

"Kwenye mashine zangu?"

"Sina nyingine yenye mdundo huo."

Jambo hilo halijawahi kufanyika. Mtu hamwombi adui risasi. Lakini mdundo ni wa kila anayeuweza, hilo nalo kila saundi inalijua, na Mzee Radi aliigeuza santuri, kofia kaibana kwapani.

Besi likaingia. Lile lile. Jenereta akaacha duru moja ipite, kisha akachana mistari. Sauti ya zamani hakuitafuta. Alisema chini, sawasawa, kama anayetangaza basi la saa nane limechelewa.

*Nilisema pima mbao. Mbao zikapimwa.*
*Nilisema lala ndani. Ndani ukalazwa.*
*Nikauliza nani abebe. Wakaja, ukabebwa.*
*Nikasema kimya. Kimya. Na duka limefungwa.*

*Alfajiri naamka, chai naichemsha,*
*Natoa vikombe vinne, kimoja nakirudisha.*
*Wakiniambia pole, naitikia, imekwisha.*
*Mnasema nitalia. Sijaona cha kuniamsha.*

Akarudisha maiki kwa Mzee Radi, akashuka.

Hakuna aliyepiga ukuta.

Nyie mnaofikiri huo ndio ushindi, ngojeni. Mwenye ukumbi, bwana mmoja mfupi asiyecheka na sheria zake, alipanda akakohoa.

"Hapa mwamuzi ni kelele. Radi amepigiwa mabati. Tetemeko sijasikia hata bati moja. Kwa hiyo nitasema..."

"Rudisha."

Wote wakageuka. Aliyesema ni shemeji. Yeye anayetaka vyombo viuzwe. Alikuwa ameshika spika ya kaka yake kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na akaanza kuipiga ile spika kwa kiganja. "Rudisha. Nasema rudisha."

Hapo bwawa likapasuka. Walipiga kuta zote nne, walipiga viti, mmoja alivua kiatu. Mzee Radi akapeleka mkono kwenye sindano.

"Usirudishe," Jenereta akasema.

"Wanataka."

"Nimeshasema. Sisemi mara mbili."

Mwimbaji kukataa kurudishiwa, nani alishaona? Ni kama kukataa mshahara. Kelele zikazidi. Mwenye ukumbi akajaribu kusema, akashindwa, akanyoosha kidole upande wa kulia, na mambo yakaishia hapo.

Tetemeko imeshinda. Watu walimbeba shemeji juu juu. Jenereta hawakumgusa. Kuna uso mtu akiuona, mikono yake hurudi nyuma yenyewe.

Alisubiri kushangilia kwake mwenyewe, ndani huko. Kushangilia hakukuja. Akaenda kukunja nyaya.

* * *

Mzee Radi alikuwa nyuma ya ukumbi, ameketi juu ya kreti, anakunywa maji ya chupa.

"Ulivunja kwa goti," Jenereta akamwambia. "Nilikuwepo. Nilikuwa bibi harusi."

"Nilivunja yangu. Umesahau kwamba zilikatwa mbili? Moja yangu, moja ya mwimbaji."

Alikuwa amesahau. Akasimama na kukumbuka: msichana anayetembea haraka na santuri kwenye bahasha ya kaki, anapeleka nyumbani kitu chake cha kwanza.

"Mzee, nani amekuletea?"

"Imekuja imefungwa kwenye foronya. Foronya safi, imenyooshwa. Nikaambiwa, ipige katikati, watu wakishapata moto."

"Nani?"

"Mimi mtu mzima, usinitie kwenye mambo ya..."

"Mzee."

Akaivuta kofia hadi kwenye nyusi.

"Mama yako mzazi."

* * *

Mama anakaa mtaa ule ule wa Jenereta, nyumba ya tatu kutoka kwake. Hupiga pasi mashati ya shule ya bweni, na chumba chake cha mbele kinanuka mvuke siku zote. Jenereta alimkuta amesimama mezani, rundo kushoto, rundo kulia. Watoto walikuwa chumba cha ndani, wanabishana kuhusu penseli.

"Umeshinda?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimeshinda."

"Haya." Akageuza kola. "Basi nimefanya kazi bure."

"Umempa Mzee Radi santuri yangu."

"Yangu. Ulinipa mwenyewe. Imekaa chini ya mashuka miaka yote, sina hata mashine ya kuipigia. Nimeipanguza vumbi mpaka nimechoka."

"Ulitaka nini, mama?"

"Nilitaka ushindwe."

Pasi ikapita kwenye mkono wa shati, ikaenda, ikarudi.

"Na ushindwe kwa aibu," mama akaendelea. "Ukishindwa kwa heshima utajaribu tena. Nakujua, nilikuzaa kwa shida na umekuwa hivyo hivyo."

"Kwa sababu ya ile kazi ya hoteli unayonitakia?"

"Hoteli ni njia. Una cheti kinaliwa na mende, wangekupa kaunta na kiyoyozi. Lakini hata ungeuza sabuni mimi sawa. Nilitaka vile vyombo viondoke, na wewe uondoke kwenye ukoo ule na watoto wako, na usijue kwa nini."

"Nisijue nini?"

Mama akasimamisha pasi. Akaenda kufunga mlango wa chumba cha watoto, taratibu, kitasa kisilie. Akarudi.

"Hujalia," akasema. "Tangu msiba. Watu wanasema una moyo mgumu. Mimi nasema huna nafasi. Sasa nikikuongezea hili sijui utaliweka wapi."

"Weka tu, mama. Hakuna kinachoniuma."

"Hilo ndilo linalonitisha." Akavuta kiti, hakukaa. "Mume wako aliuawa na nini?"

"Unajua. Shoti."

"Nani alisema shoti?"

"Shemeji. Ndiye aliyemkuta pale nyumbani, mkono uko kwenye amplifaya. Yeye ni fundi umeme, nani angembishia?"

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Safarini. Nilikuwa na onyesho. Unajua yote haya, kwa nini unaniuliza kama polisi?"

"Kwa sababu polisi hawakuuliza. Wewe ulikuwa safarini. Mimi nilikuwa nimekaa hapo." Akaonyesha kizingiti kwa kidevu. "Mashati yamejaa, wenye shule wanayataka kesho, na mimi nimekaa na mikono mapajani nasubiri umeme. Ulikatika asubuhi, mtaa mzima, mpaka kwa muuza barafu. Uliwaka tena giza limeingia. Ndio, mwanangu. Nimekaa hapo nasubiri umeme, anakuja mtu mbio, ananiambia mkwe wangu ameuawa na umeme."

Ndani, watoto walikuwa wamefikia mwafaka kuhusu penseli.

"Umeme upi?" mama akauliza.

Jenereta aliangalia pasi. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye shati la mtoto wa mtu. Aliyasikia maneno, akayaelewa moja moja, na hakuna lililomshika. Ilikuwa kama kusomewa habari za nchi nyingine.

"Majirani wangesema," akasema mwishowe.

"Majirani? Umeme unakatika kila wiki, nani anaandika? Siku ile walikuwa na maiti, hawakuwa na habari ya balbu. Na baadaye wote wanajua umeme unaua, wakatosheka. Mimi sikutosheka kwa sababu nilikuwa na mashati."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nina nini mkononi? Pasi iliyopoa. Nenda kituoni useme nina pasi iliyopoa. Halafu huyo huyo shemeji yako anakuja hapa kila jioni, anawaletea wajukuu wangu mkate, anawapandisha mabegani. Nikisema, halafu nikalala wapi? Nikaona afadhali mshindwe, vyombo viuzwe, apate anachokitaka, na wewe uwe mbali naye. Nimekwambia nimefanya kazi bure."

"Leo amelia, mama."

"Nani?"

"Shemeji. Mimi nilipokuwa nachana. Ndiye aliyenipa ushindi. Kama anataka vyombo, kwa nini anipe ushindi?"

Mama alikirudisha kiti mezani. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Alikuwa mwanamke mwenye jibu la kila kitu, na sasa amesimama na mkono kiunoni kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.

"Mtu hulia kwa mengi," akasema polepole. "Wengine..."

"Hodi humu ndani."

Jenereta akageukia mlango.

"Hodi, mama. Ni mimi."

Mama akaishika pasi. "Karibu, baba," akasema, kwa sauti ile ile ya kila jioni. "Mlango uko wazi."

Shemeji akaingia kinyumenyume, amekumbatia amplifaya ya kaka yake kifuani kama mtoto mchanga. Macho yake yalikuwa bado mekundu. Nje mkokoteni uliojaa spika ulikuwa umeziba njia.

"Shikamoo, mama. Shemeji, kule kwako kufuli limegoma kabisa. Nikasema nivilaze hapa, na mimi nilale navyo hapo sebuleni, visije vikachukuliwa usiku wa kwanza tu tumevishinda."

"Marahaba," mama akasema. "Weka popote."

Akaitua mezani, juu ya mashati yaliyokwisha kunyooshwa. Mama hakulalamika, na hilo peke yake lingemshtua mtu yeyote anayemjua. Shemeji akapanguza jasho, akachungulia nyuma ya mashine, akafungua kibati kwa bisibisi aliyoitoa mfukoni, akavuta nje waya.

"Imetikisika njiani," akasema. "Nikiiacha hivi nitakosa usingizi. Acha niijaribu kidogo tu." Akachomoa pasi ya mama ukutani na kuchomeka plagi ya amplifaya mahali pake. Taa nyekundu ikawaka. "Shemeji, njoo unishikie hapa. Hapa kwenye shaba. Usiogope, nimezima."

Akaunyoosha waya kwa Jenereta, taa nyekundu bado inawaka, akitabasamu kwa macho yaliyovimba.

Mama alisema neno. Jenereta hakulisikia ni neno gani. Mkono wake ulikuwa umeshaenda, wenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya kila kitu tangu siku ya mazishi.